Mwaka Ambao Kijiji Hakikuwa na Jogoo

Ninyi wasichana mlioingia kituoni nyuma yangu mmeniomba niandike kazi ya kuku ilivyokuwa zamani, kabla sijaenda zangu kulima karanga. Shule yangu mimi ni kile kisomo cha watu wazima, nilichokianza nikiwa tayari na watoto, kwa hiyo maneno ya kitaalamu msiyatafute humu. Nitawapa majina ya watu, maana sijasahau hata moja, na nitawapa niliyoyaona kwa macho. Mambo ya vyeo hayamo. Siku niliyoingia nilikuwa mhudumu wa kuku, na siku niliyotoka nilikuwa mhudumu wa kuku mwenye magoti mabovu.

Nilianza miaka michache baada ya Uhuru. Binti yangu Limi ndiyo kwanza ameacha ziwa. Kituo kilikuwa nje ya mji wa Shinyanga, ukishaipita Ngokolo unaendelea mpaka nyumba zinakwisha: mabanda mawili ya matofali, stoo ya pumba, chumba kimoja cha mashine ya kutotolea, na mzee mlinzi aliyeitwa Sayi, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuwasalimia wapita njia wote na kuwauliza habari za ng'ombe wao mmoja mmoja. Aliyenipokea ni Mama Kulwa. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ndogo, na ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua. Mengine niliyoyajua baadaye nilimkuta ameshayajua akanyamaza.

Siku hiyo ya kwanza hakunionyesha banda. Alinichukua moja kwa moja hadi stesheni ya reli, kupokea vifaranga. Treni ilikuwa bado haijasimama nikaanza kusikia mlio mwembamba, mwingi, kama magurudumu yaliyokosa mafuta. Nikasema labda ni breki. Mlango wa behewa ukafunguliwa na mlio ule ukatumwagikia. Yalikuwa maboksi ya karatasi ngumu yaliyotobolewa matundu, yamepangwa hadi juu, na kila tundu lina mdomo mdogo umechungulia.

"Wanakula nini njiani?" nikamwuliza Mama Kulwa.

"Hawali."

"Tangu huko walikototolewa? Na maji?"

"Hata maji." Akafungua boksi moja, akachukua kifaranga, akaniwekea kiganjani. "Huyu kabla hajatoka kwenye yai alivuta kiini chote kilichobaki, akakiingiza tumboni, akajifunga kitovu. Ndiyo chakula chake cha safari. Hajaonana na mama yake, na hakuna aliyemwambia."

Mimi nilikuwa nimekua na kuku. Niliwafukuza jikoni tangu najua kutembea, wala sikuwahi kumtazama kuku zaidi ya kumtazama mwizi wa mtama. Nikasimama pale stesheni na yule kifaranga, mwepesi kuliko kipande cha pamba, moyo wake unakwenda mbio kwenye kidole changu, nikashindwa kumrudisha kwenye boksi. Mama Kulwa akanisubiri. Baadaye aliniambia kwamba kila mfanyakazi mpya alimpeleka stesheni kwanza, na aliyerudisha kifaranga haraka hakumpa kazi ya vifaranga, alimpa kazi ya kubeba magunia.

Kituoni kulikuwa na sheria moja iliyozidi zote. Mlangoni kulikuwa na beseni la maji ya dawa, meupe kama maziwa yaliyochujwa, na hakuna mguu uliopita bila kukanyaga humo. Nguo ulizotoka nazo nyumbani ulizivua kwenye kibanda cha majani, ukavaa za kituo, na za kituo hazikutoka nje. Jioni ulirudia vilevile kinyumenyume. "Mguu wako umetoka kwenu," Mama Kulwa alisema, "na hujui huko njiani umekanyaga choo cha kuku wa nani." Yeye mwenyewe hata akifika kwake aliosha tena miguu kabla ya kuingia uani, kwa sababu alikuwa na kuku wake wachache wa kienyeji na mmoja aliyempenda sana, tetea mwekundu.

Alinifundisha kuchagua mayai ya kupeleka hospitali. Unachukua mawili, unayagonganisha taratibu karibu na sikio. Yai zima linalia kama jiwe dogo la mtoni. Lenye ufa usioonekana linatoa sauti ya mtu aliyeziba pua, na hilo haliendi kwa mgonjwa, maana uchafu hupita pale pasipopita macho. Alinifundisha pia kupima mayai ya mashine. Tulijifungia kwenye chumba cha mashine, mchana kweupe, tukaziba dirisha kwa gunia, tukaweka tochi ndani ya boksi lenye tundu na yai juu ya tundu. Mara ya kwanza niliona nyuzi nyekundu zimetawanyika kama mizizi, na katikati kitone kinadunda. Nikauliza, nikajibiwa ni moyo. Nimelitazama jambo hilo mpaka mwaka niliostaafu, na hakuna siku niliyolizoea.

Sasa nimtaje Bwana Mifugo. Tulipata kadhaa, lakini ninayemsema ni Mbwambo, Mpare, mwembamba, mwenye baiskeli na Kiswahili cha kitabuni. Kisukuma hakukijua hata cha kuombea maji. Alikuwa na meza chini ya upenu, na kuku akifa alimlaza hapo, akampasua kwa kisu kidogo, akamtazama ndani. Mara ya kwanza Mzee Sayi mlinzi alisogea taratibu, akavua kofia. Mnaelewa kwa nini. Kwetu Usukuma mtu akipata shida nzito hubeba kuku mchanga mpaka kwa mfumu, mganga wetu, akamweleza kuku yule shida yake, na mfumu akampasua na kusoma humo ndani sababu.

"Anasema nini?" Mzee Sayi akauliza.

"Anasema ana minyoo," akajibu Mbwambo.

Mzee Sayi akangoja. "Hakumtaja aliyeituma?"

Mbwambo aliinua macho kunitazama, akidhani anataniwa. Nikamwambia hataniwi. Akafikiri kidogo, akasema kwa heshima kabisa, "Bado hajataja, mzee." Tangu hapo Mzee Sayi alimheshimu sana, ingawa alimwona kuwa mfumu asiyemaliza kazi.

Mwaka wa operesheni ya vijiji, watu waliokuwa wakikaa mbalimbali na mashamba yao waliletwa wakapangwa kwa mistari, na kijiji kimoja kipya kikajengwa nyuma ya kituo chetu. Mama Kulwa alipewa kiwanja humo, na mimi pia. Watu walikuja na vitanda, mawe ya kusagia, milango ya nyumba za zamani, na kila mmoja na kuku wake kwenye tenga. Kuku waliokuwa hawajawahi kuonana wakajikuta wanadonoa uwanja mmoja. Mbwambo alipita na baiskeli, akatazama, akasema, "Mungu atusaidie, ugonjwa wa mdondo ukiingia hapa." Nilidhani anatia chumvi.

Mdondo uliingia kiangazi. Ninyi mmeusoma kwenye mafunzo. Acheni niwaambie unavyokuja. Asubuhi kuku anasinzia. Mchana amefumua manyoya, anahara kijani, anapumua kwa mdomo. Kesho shingo inajipinda, kichwa kinageuka, anatembea akizunguka kama anayetafuta kitu kilichodondoka kutoka mbinguni. Nilisimama njiani nikaona uwanja mzima wa kuku wa watu, wakubwa kwa wadogo, shingo zimepinda, macho juu. Hakuna aliyepiga kelele. Sijawahi kuogopa simba kama nilivyoogopa utulivu ule.

Kuku wa kituo hawakufa, walikuwa wamechanjwa kwa matone ya macho. Na kuku wa Mama Kulwa hawakufa, kwa sababu kichupa cha chanjo kikishafunguliwa hakiwekwi, na yaliyobaki Mbwambo alimruhusu awatie kuku wake. Mimi sikuwa na kuku nyumbani. Niliokuwa nao mchana kutwa walinitosha.

Jirani yetu mmoja aliitwa Nkwimba. Mwanamke hodari, mlimaji, mwenye ulimi. Kuku wake walikuwa wengi kuliko wa mtu yeyote kwenye mstari wetu, na walikwisha wote. Siku moja tulikuwa kisimani, wanawake wengi, akamgeukia Mama Kulwa, akimwita mayu, yaani mama.

"Mayu, kuku wako hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wangu wamekwisha. Wa Mbuke wamekwisha. Wa Minza amebaki mmoja anayecheza ngoma peke yake. Wako wanataga."

"Waliwekewa dawa ya macho."

"Ya macho, sawa. Na ile ya miguu? Maana nakuona. Unafika kule unavua nguo zako kibandani, unavaa nyingine, unakanyaga maji meupe. Ukirudi unakanyaga tena maji kwako. Sisi tunaosha miguu tukiwa na matope, wewe unaosha ikiwa safi. Unasafisha nini, mayu?"

Wanawake walicheka. Mama Kulwa akajitwika ndoo, akasema, "Nasafisha njia." Kicheko kikakatika palepale, na mimi nikajua amesema vibaya, ingawa alisema ukweli.

"Basi Jumamosi tunakwenda kwa Mzee Jilala," Nkwimba akasema, sasa bila utani. "Mara mbili ametwambia turudi. Jumamosi atalitaja jina."

Niwaeleze uzito wa neno hilo, ninyi mliozaliwa mjini: Jilala ndiye aliyekuwa mfumu wa kutusomea kuku, na jina analolitaja ni la mchawi. Nilipokuwa msichana kulikuwa na mjane jirani yetu, akiitwa Nyanzobe. Jina lake lilitajwa. Asubuhi moja nyumba yake ilikuwa majivu, na hakuna mtu aliyeuliza alikokwenda. Mama Kulwa alimjua Nyanzobe vilevile kama mimi. Alifika nyumbani, akatua ndoo, akawahesabia kuku wake mtama kama kawaida, lakini mtama ukawa unadondoka kabla ya wakati.

Nilimweleza Mbwambo. Akasema ataitisha mkutano, aeleze ugonjwa.

"Utaeleza," Mama Kulwa akamwambia, "watakupigia makofi, halafu watakwenda kwa Jilala."

Mbwambo akachezea kengele ya baiskeli. Kisha akasema, "Basi mimi nitangulie kwa Jilala. Mama Limi, utanitafsiria." Mama Kulwa alibaki. Angeonekana kule kabla ya siku, ingesemwa kaenda kumlainisha mzee.

Tulikwenda Ijumaa, kwa miguu, tukiwa na nguo za kuchakaa, na Mbwambo akaniapisha kwamba tukitoka huko hatutakanyaga kituoni mpaka tumeoga na nguo zimechemshwa. Kwa Mzee Jilala kulikuwa na uwanja mpana uliofagiliwa, umezungushiwa minyaa. Ulifagiliwa, lakini manyoya yalikuwa yamekwama kwenye minyaa pande zote. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mdogo wa mwili, macho makali. Tulimwamkia, akatuitikia marahaba, akatupa viti.

"Mzee, kuku wako hawajambo?" Mbwambo akaanza, nami nikatafsiri.

"Wamekufa. Amebaki yule."

Pembeni ya ghala alikuwapo jogoo mweupe, shingo imepinda, anautazama mwezi wa mchana.

"Wote walitazama juu hivyo," Jilala akasema. "Nimewasoma kuku tangu baba yangu yu hai. Sijaona kuku akiaga namna hii."

Mbwambo akaomba ruhusa kumpasua. Mzee akakitazama kisu chake kile kidogo, akakipima ukali kwa kucha, akamrudishia. "Pasua. Nami nitatazama."

Waliinama pamoja. Mwanzoni nilitafsiri kila neno. Mbwambo akionyesha mapafu, Jilala akayataja kwa jina lake. Jilala akigusa mkunjo wa utumbo, Mbwambo akaeleza kazi yake. Ikafika mahali hawakunihitaji. Mmoja ananyoosha ncha ya kisu, mwingine anatikisa kichwa, mmoja anageuza, mwingine anashika. Niliwatazama, mtu wa Upareni na mzee wetu, vichwa vyao karibu kugusana juu ya kuku mmoja, na ndani ya yule kuku kila kitu kimepangwa vizuri kuliko nilivyowahi kupanga sanduku langu. Nilikuwa nimechinja kuku wengi. Siku ile nilihisi kama nimekuwa nikibomoa nyumba za watu bila kuchungulia ndani.

Kisha Mbwambo akalichana lile tumbo dogo linalotangulia firigisi, akalifungua kama ganda la karanga. Ndani palikuwa na vitone vya damu, vyekundu, vimesambaa kama mtama uliomwagwa.

Jilala alikaa chini. Akasema na mimi, kwa Kisukuma.

"Mwambie mwenzangu nimeviona hivi. Kuku wa Nkwimba alikuwa navyo. Kuku wa Minza alikuwa navyo. Wamekuja watu kutoka mbali, wengine wa njia ya Mwakitolyo, wasiowajua hawa wa hapa hata kwa sura, kuku wao walikuwa navyo. Wanataka niwape jina. Jina gani hilo linalowaua watu wasiojuana? Ndiyo maana nawaambia rudini. Na sasa viko kwa jogoo wangu, na mimi sina ugomvi na mtu."

Nikatafsiri. Mbwambo akauliza, pole pole, kama mtu anayetembea juu ya mayai, "Watu wakija, wanasubiri wapi?"

"Hapo mlipokaa."

"Na kuku wao?"

"Hapohapo. Wengine huwafungua miguu wadonoe na wangu."

"Mtu huja na kuku mmoja?"

"Mwenye akili huja na wawili. Wa kwanza akikataa kusema, yuko wa pili. Wa kwanza akisema, wa pili anarudi naye nyumbani."

Nilitafsiri mpaka kwenye neno nyumbani. Haikuhitaji maelezo. Mzee Jilala alikuwa anautazama uwanja wake, pale tulipokaa, pale penye kinyesi cha kijani kilichokaukia mavumbini, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. "Anarudi naye nyumbani," akasema mwishowe. "Kuku wake wamekufa, amekuja kuuliza nani kawaua, na anarudi na kifo hicho nyumbani kwa waliobaki." "Mchawi ni uwanja wangu."

Nilichelewa kulitafsiri hilo. Mbwambo alipolipata alivua kofia, kama Mzee Sayi siku ile.

"Kesho utawaambia hivyo?" akauliza.

"Kesho kuku atasema," Jilala akajibu. "Mimi sisemi kabla yake." Tukaondoka hatujui lolote.

Jumamosi uwanja ulijaa. Mbwambo alikuja akasimama nyuma. Mama Kulwa, ambaye tulimsihi akimbilie kwa ndugu zake Bukombe, alikuja mwenyewe kwa miguu yake, akaketi peke yake, na nafasi ikabaki kumzunguka kama ya mtu mwenye ndui. Mimi nilikwenda nikaketi kwenye nafasi hiyo. Haikuwa ushujaa, kwingine kote kulikuwa kumejaa na pale palikuwa na pa kukaa.

Nkwimba alitoa kuku aliyeazima kwa dada yake. Mzee Jilala akafanya kama ifanywavyo, akamsikiliza, akampasua. Kisha akafanya kitu ambacho hakijawahi kufanywa. Akalichana lile tumbo dogo, vitone vilevile vya damu vikiwa ndani, akasimama na kupita nalo kwa watu, akiwaonyesha mmoja mmoja.

"Sioni mtu hapa," akasema. "Naona maradhi. Na nitawaonyesha njia yake. Nani kati yenu amekuja kwangu na kuku mwaka huu? Nyoosheni mikono."

Mikono ikanyanyuka, karibu uwanja mzima.

"Nani kati yenu mlionyoosha ana kuku nyumbani leo?"

Mikono ikashuka. Haukubaki hata mmoja juu.

"Mama Kulwa. Umewahi kuniletea kuku?"

"Sijawahi, namhala, mzee wangu."

"Kwa nini? Huna shida wewe?"

"Ninazo. Lakini kituoni tumekatazwa kutembea na kuku."

Sauti ya mwanamume ikatoka nyuma, "Namhala, serikali imekupa nini?"

"Imenipa mgeni aliyekubali kukaa chini," Jilala akajibu. "Wewe ulinipa kuku mgonjwa, na nikamla." Watu wakacheka kwa kutopenda.

Akaingia ndani, akatoka na matenga yote, vikapu, na mkeka wake aliokalia miaka yote, akavirundika katikati ya uwanja, akavitia moto. Kisu chake akakifunga kwenye kitambaa. Akasema hatampasua kuku hata mmoja mpaka mvua zije na kwisha, na atakayeingia na kuku amrudishe alikomtoa.

"Na sisi tukipata shida tutamwuliza nani?" Nkwimba akasema. Alikuwa analia kwa hasira.

"Mniulize mimi. Kuku mwacheni kwao."

Nawaambia, wanangu, kazi ile ilikuwa chakula cha mzee yule. Aliichoma mbele yetu, na moto ukimwangazia uso alionekana mtu aliyeona kitu kikubwa kuliko yeye na hakukiona kuwa aibu. Hapo ndipo Mbwambo alipopata wa kumsikiliza. Akasema mizoga izikwe kwenye shimo refu, isitupwe kwa mbwa. Kuku aliyekufa mwenyewe asiingie chunguni. Na wale waliokuwa wakiwauzia wachuuzi wa malori ya Geita kuku wanaosinzia waache, maana kule nako kuna watu na kuna kuku. Waliohusika wakatazama vidole vya miguu yao.

Basi kijiji kikakaa bila kuku hata mmoja nje, Mama Kulwa akiwa amewafungia matetea wake ndani ya banda, na jogoo hakuwa naye. Sikuwa nimejua ukimya ule. Alfajiri ilifika bila kutangazwa, jua likatukuta vitandani kama wavivu. Watoto wakachelewa shule, na Mwalimu Gabriel akawaadhibu, halafu naye akachelewa. Makombo ya ugali yakalala uani bila mwenyewe. Watu walizungumza kwa sauti ya chini bila kuambizana, kama nyumba yenye msiba.

Jina la Mama Kulwa halikutajwa. Lakini mtu aliyekwisha kudhaniwa hasafishwi kwa siku moja. Kisimani walimpisha achote kwanza, na haikuwa heshima. Mzee Sayi mlinzi alipofariki, tulikwenda na vyungu kama desturi. Cha Mama Kulwa, uji wa ulezi mzuri kabisa, kilirudi kimejaa na utando juu. Alinipa mimi nikanywa njiani. Kituoni aliendelea kugonganisha mayai sikioni.

Mvua zikaja zikaisha. Mbwambo akaleta chanjo kutoka Mwanza kwenye chupa ya chai yenye barafu, akasema sasa kuku wanaweza kurudi. Warudi kutoka wapi? Mbegu ya karibu ilikuwa moja tu, na kila mtu alijua banda lilipo. Siku zikapita, hakuna aliyekuja.

Wa kwanza alikuwa Nkwimba. Nilikuwapo, tunachambua mchele uani. Alisimama mlangoni, akaamkia, akapewa kigoda. Akazungumzia mpunga. Akazungumzia mguu wa mume wake. Mwishowe akasema, akiutazama mchele, "Nimekuja kuomba mbegu."

"Mbegu ya nini?"

"Ya kuku, mayu. Tetea mmoja, jogoo nitamtafuta mbali. Tetea akitotoa nitarudisha vifaranga."

Mama Kulwa akainuka, akachochea moto, akateleka sufuria, akatia yai. Tulikaa tukisikiliza yai likigonga sufuria. Alilichemsha mpaka akaridhika, maana hata siku ile hakutaka yai bichi katikati. Akalimenya, akalipasua, akaliweka kwenye sahani mbele ya Nkwimba. Yeye mwenyewe hakuonja.

"Kwetu mwanamke hali yai," Nkwimba akasema.

"Hata kwetu," akasema Mama Kulwa. "Kula."

Nkwimba alinitazama. Mimi nikautazama mchele. Haikuwa habari ya mwanamke na yai, na sote watatu tulijua. Ilikuwa habari ya mkono uliolimenya. Akachukua kipande, akakishika muda mrefu, nikaona koo lake likimeza kabla hajatia kitu mdomoni. Kisha akatia. Akatafuna taratibu, akameza, akakaa wima akisubiri, kama mtu aliyeingia maji asiyojua kina chake.

Akachukua kipande cha pili.

"Halina chumvi," akasema.

Mama Kulwa akaingia ndani kuleta chumvi. Alipotoka, mkono mmoja ulikuwa na kijiko, na kwapani amembana yule tetea mwekundu.